Boneti ya kaboni faiba ya kujitengenezea nyumbani: kitambaa ni fito tu, nyumba bado

Nilikuwa kwa fundi bodi nikisubiri bampa likauke rangi, kijana mmoja akaingia na gari dogo la Kijapani lenye boneti nyeusi iliyojaa vimiraba kama mkeka. "Kaboni faiba orijino hiyo, mzee," akamwambia fundi. Fundi hakubisha. Akabandua ukutani sumaku anayoshikizia skrubu zake, akaiweka juu ya boneti. Ikanata.

"Mdogo wangu, hili ni bati limevaa stika."

Kijana alicheka kidogo, akatoa simu na kutuonyesha video. Mtu yuko gereji ya nyumbani kwake, anatandika kitambaa cheusi, anamimina gundi, anabandua boneti inayong'aa. Dakika nne tu. "Basi si tujitengenezee?" Fundi akanigeukia mimi, maana anajua nimeshaharibu epoksi, gundi ya kazi hii, ya kutosha. Jibu nililompa pale lilikuwa fupi mno. Hili hapa ndilo jibu lenyewe.

Tuanze na neno, kwa sababu kwetu "faiba" ina wenyewe watatu. Kuna faiba ya intaneti, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga na unaochimbiwa mitaro kando ya barabara. Kuna faiba ya boti, matangi na mabampa ya bei nafuu. Hiyo nayo ni nyuzi za kioo, ila zimeshikamanishwa kwa gundi ngumu, na mafundi wengine huiita faibaglasi. Si kitu cha kudharau: Chevrolet Corvette ya kwanza, ya mwaka 1953, ilikuwa na bodi ya faibaglasi. Ya tatu ndiyo kaboni faiba, na hiyo ni mkaa.

Sitanii. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha, halafu kazi yake kubwa inakuwa kuzuia hewa. Hewa ikiingia anapata majivu. Ikizuiwa, karibu kila kisicho kaboni hutoka kama moshi na mvuke, na kaboni hubaki na umbo lile lile la gogo. Kiwandani wanafanya hivyo hivyo, ila kwa uzi. Mara nyingi ni uzi wa plastiki iitwayo poliakrilonitrili, ndugu wa akriliki inayofumiwa masweta. Kwanza huokwa taratibu kwenye nyuzi joto 200 hadi 300 ili usije ukayeyuka, kisha hupitishwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Kinachotoka ni uzi mweusi wenye unene wa mikroni 7 hivi, wakati unywele wa kichwa ni kama mikroni 70. Ndiyo maana kitambaa huuzwa kwa majina kama 3K: kila fungu lililofumwa humo lina nyuzi 3,000.

Kwa hiyo hakuna anayetengeneza kaboni faiba yenyewe nyumbani. Mtu wa kwenye video amenunua kitambaa kilichokwisha kufumwa, na kitambaa hicho ukikishika mkononi ni laini kama kitenge. Kinakunjika, kinafumuka pembeni, unakikata kwa mkasi. Nguvu tunazozisikia ziko wapi?

Ziko kwenye ndoa yake na gundi. Nyumba ya miti na udongo inalifafanua hili kuliko kitabu chochote cha uhandisi. Fito peke yake ni mbavu za mbwa, zinayumba. Udongo peke yake unapasuka na kumomonyoka. Ukizifunga fito vizuri na kukandika udongo ukapenya katikati, fito zinabeba mvuto na udongo unazishikilia zisipinde, na nyumba inasimama mvua hadi mvua. Boneti ya kaboni ni hivyo hivyo. Nyuzi ni fito, na rezini, yaani ile gundi, ndiyo udongo. Aliyenunua kitambaa amenunua fito, nyumba bado.

Mfano huo unazika uzushi wa kwanza, kwamba rezini ikizidi ndivyo kipande kinavyokuwa imara. Nyumba haiwi imara kwa udongo mwingi usio na fito. Kwa kazi ya mkono, lengo ni uzito wa rezini ulingane na wa kitambaa, gramu kwa gramu. Ikizidi hapo unaongeza uzito, na sehemu zenye rezini tupu ndizo zinazopasuka kwanza.

Uzushi wa pili ni kwamba kaboni faiba haivunjiki. Huu una historia yake. Mwaka 1981 McLaren waliingiza kwenye mashindano ya Formula One gari lao la MP4/1, lililobuniwa na John Barnard, ambalo kiini chake alichokaa dereva kilikuwa cha kaboni faiba. Mwaka huo huo, huko Monza, Italia, John Watson alilibamiza vibaya hadi sehemu ya nyuma yenye injini ikang'oka, naye akatoka salama. Toka hapo watu wakaamini ni kitu cha ajabu. Halafu Juni 2023 ikaja habari ya Titan, kile chombo cha kwenda kuangalia mabaki ya meli ya Titanic. Kiwiliwili chake cha kaboni faiba kilibanwa na bahari kikasambaratika, na watu watano wakafa. Mtandaoni ikageuzwa kibao: kumbe ni takataka.

Yote mawili yamekosea. Nyuzi za kaboni ni kama kamba: ukizivuta ni jabali, ukizisukuma zinategemea kitu cha kuzishikilia zisipinde. Kina cha bahari kinasukuma kutoka kila upande, kwa hiyo shikizo lolote lenye kasoro linajulikana huko. Wachunguzi wa Marekani walieleza mwaka 2024 kwamba vipande vya kaboni vya Titan walivyovipima vilikuwa na mikunjo na matundu ndani ya matabaka. Mikunjo na matundu. Kumbuka maneno hayo mawili, maana ndiyo yatakayokuandama hapo barazani kwako.

Tuje kwenye uzito, kwa sababu ndio kisingizio chetu wote. Bati la boneti lina unene wa milimita 0.7 hivi, sawa na kilo 5.5 kwa kila mita moja ya mraba. Matabaka manne ya kitambaa cha gramu 200 ni gramu 800, pamoja na rezini gramu 800 nyingine. Jumla kilo 1.6, na unene wa milimita 1.1 na ushee. Ugumu wa kupinda unakaribia ule wa bati, kwa chini ya theluthi moja ya uzito. Siri iko kwenye unene. Ugumu wa bapa lolote hupanda kwa kasi ya ajabu linapoongezeka unene: ukilinenepesha mara mbili, linakuwa gumu mara nane. Ndiyo maana mwenye akili ya kubana fedha haongezi kitambaa katikati, anaweka povu jepesi gumu kisha anafunika juu na chini, kama andazi lenye maganda mawili.

Ila hesabu hiyo ni ya anayetengeneza kipande kipya. Kuna njia nyingine inayoitwa na mafundi kuvika: unasugua bati lako, unapaka epoksi nyeusi, unalalisha tabaka moja la kitambaa na kulifunika kwa rezini angavu. Linapendeza kweli, na si stika. Lakini umeongeza uzito, hujaupunguza. Boneti nyingi za bei rahisi zinazouzwa kama kaboni ni za namna hiyo, faibaglasi chini na kaboni tabaka moja juu. Zigeuze uangalie mgongo.

Sasa kazi yenyewe. Ile video ilianza pale ambapo mwenzetu alikuwa ameshamaliza theluthi mbili za kazi, yaani kalibu. Kama tofali, boneti inahitaji kalibu, na kalibu ya boneti huchukua siku nyingi kuliko boneti.

Boneti yako ya bati ndiyo inakuwa mfano. Kila bonde, mkwaruzo na tone la rangi lililobaki juu yake litahamia kwenye kalibu, na kutoka kwenye kalibu litahamia kwenye kila boneti utakayoitoa humo. Kwa hiyo inanyooshwa, inapigwa puti, inasuguliwa kwa msasa wa maji wa 400, 800, mpaka 1,500, halafu polishi. Kisha nta ya kuachisha, mikono mitano au sita. Si ile nta ya kung'arishia gari, ambayo mara nyingi ina silikoni. Juu ya nta inapakwa jelikoti, rezini nzito inayokuwa uso laini wa kalibu, na juu yake matabaka ya faibaglasi mpaka kalibu iwe nene mara kadhaa kuliko boneti yenyewe. Mgongoni inafungwa fremu ya mbao au bomba isije ikajipinda. Ndiyo, kalibu ya kaboni hutengenezwa kwa kioo, kwa sababu ni rahisi na inatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa maana halisi ya kukwama. Keki hutoka kwenye sufuria kwa kuwa mdomo ni mpana kuliko kitako. Jaribu kuoka keki kwenye mtungi wenye shingo uone kama utaitoa bila kuvunja kimojawapo. Kingo za boneti ya bati zimekunjwa kwa ndani, yaani ni mtungi. Ama uzibe zile kingo kwa udongo wa kufinyangia kabla ya kuchukua kalibu, ama utengeneze kalibu ya vipande viwili inayofunguka.

Kalibu ikishatoka na kupakwa nta upya, kitambaa kinaingia. Pembeni pa pale utakapokata, bandika selotepu kwanza, ukate katikati ya selotepu. Usipofanya hivyo nyuzi zinafumuka mikononi. Fundi cherehani atakuambia nguo iliyokatwa mshazari huvutika na kufuata mwili, na kaboni ina tabia hiyo hiyo. Tabaka moja linalazwa wima, jingine mshazari, ili nguvu isiwe upande mmoja tu. Brashi hapa haipaki, inagonga. Ukiivuta kama unapaka rangi ukuta unasogeza vimiraba, na jicho la binadamu linaona mstari uliopinda kuliko linavyoona chochote. Unagonga mpaka kitambaa kibadilike kutoka kijivu kikavu kuwa cheusi kilicholowa, halafu unapitisha rola kufukuza vipovu kuelekea ukingoni.

Kuhusu gundi nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko tunakokosea sisi tuliojifunzia kwenye boti na mabampa. Rezini ya boti ni poliesta, nayo huganda kwa matone ya kichocheo. Ukiongeza matone inaganda haraka, ukipunguza inachelewa, kwa hiyo fundi hukadiria kwa jicho kulingana na jua la siku hiyo na mambo yanakwenda. (Kichocheo hicho kikiingia jichoni kinaweza kukupofusha, na kisikutane moja kwa moja na kobalti, dawa ya kuharakisha rezini hiyo, vinalipuka.) Kazi ya kaboni hutumia zaidi epoksi, na hadena ya epoksi, ile dawa ya kuigandisha, si kichocheo, ni nusu ya ndoa. Ni ngoma ya wawili wawili: kila mmoja anatafuta mwenzake. Ukizidisha hadena ili iwahi, hakuna kinachowahi. Waliokosa wenza wanabaki wanazurura humo ndani na kipande kinabaki laini milele. Kama kopo limeandika 100 kwa 30 kwa uzito, basi gramu 300 za rezini ni gramu 90 za hadena, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Macho yako yapumzishe.

Halafu joto. Epoksi inapoganda inatoa moto wake yenyewe, na ikiwa imerundikana kwenye kopo moto huo hauna pa kutokea. Kopo langu la kwanza lilikuwa la mtindi, na ndani yake karibu gramu 400. Sijafika nusu ya kazi likaanza kufuka moshi, likalegea, likamwagika kwenye vigae vya baraza. Alama ipo hadi leo. Kopo huandikwa muda wa kufanyia kazi uliopimwa kwenye nyuzi 20 au 25, wakati alasiri ya Dar es Salaam au Mombasa huweza kupita 30, na kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka muda huo hukatika karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, mimina kwenye sinia pana, na ununue hadena ya polepole. Pwani kuna jambo jingine: unyevu wa hewa huweza kuacha utando wa mafuta mafuta juu ya epoksi iliyoganda. Usiusugue kwa msasa, utauingiza ndani. Uoshe kwanza kwa maji na sabuni.

Mkono peke yake haumalizi vipovu, ndiyo maana anayetaka kazi nzuri anaongeza mfuko na pampu ya vakyumu, ile ile ya mafundi friji. Juu ya kitambaa kilicholowa unaweka nailoni ya kubandua, plastiki yenye vitundu, sufi ya kunywa rezini iliyozidi, kisha mfuko wa plastiki uliozibwa kingo zote. Watu husema pampu inavuta rezini. Hapana, pampu inaondoa hewa tu. Kinachokandamiza ni hewa ya nje, ambayo sisi tunaibeba kutwa bila kuisikia. Usawa wa bahari ni karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba. Nairobi, kwa ule mwinuko wake, ni kama tani 8 na kitu. Hakuna rola ya mkono itakayofika hapo. Viwanda vya magari ya mashindano na ndege huenda mbali zaidi, kwa vitambaa vilivyokwisha kulowekwa rezini na kutunzwa kwenye friza, vikaokwa ndani ya matangi ya shinikizo. Hayo tuwaachie wenyewe.

Kipande kikitoka kinang'aa, na hapo ndipo haraka inapoharibu kazi. Epoksi iliyoganda kwa joto la kawaida la chumbani huanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60 hivi, na boneti nyeusi iliyoegeshwa juani inaweza kupita 70, hujaweka injini chini yake. Wiki mbili baadaye unaona vimiraba vimejichora juu ya uso uliokuwa kama kioo. Dawa ni kukioka kikiwa bado ndani ya kalibu: boksi la mbao lenye taa za joto au hita, kipimajoto, na joto linalopandishwa polepole kwa ratiba ya mtengenezaji wa rezini. Baada ya hapo, rangi angavu ya gari inayozuia miale ya jua, maana epoksi ikiachwa uchi juani inageuka njano na kuchakaa.

Kuhusu mwili wako: vumbi la kaboni huwasha, huingia mapafuni na hupitisha umeme, kwa hiyo linaweza kuua chaja na redio zilizo karibu. Sugua kwa maji, vaa barakoa ya vumbi laini yenye vichujio vya kweli, na glavu za nitrili kila unapogusa rezini. Epoksi ina kisirani chake, unaweza kuizoea mwaka mzima bila tatizo, siku moja ngozi ikaikataa na isikubali tena maisha yako yote. Rangi angavu ya kuchanganya na hadena nayo ina sumu ya hewa. Mpelekee mwenye chumba cha rangi.

Lipi basi la kutengeneza nyumbani? Kifuniko cha kioo cha pembeni, spoila, madoido ya dashibodi, na boneti kwa masharti. Boneti ya bati imewekewa sehemu za kujikunja wakati wa ajali. Yako haijikunji, inapasuka kwa ncha kali au inasafiri nzima kuja kwenye kioo. Weka pini mbili za boneti za mbele, usiutegemee mshikio wa awali peke yake, na pale bawaba zinapofungwa ongeza matabaka na kibamba cha chuma. Kati ya kaboni na chuma au alumini weka tabaka la faibaglasi, kwa sababu kaboni ikigusana na metali penye unyevu, metali ndiyo inayoliwa. Paa, nguzo za milango, kile chuma kilichofichwa ndani ya bampa, mikono ya saspensheni: hapana. Mlango nao una bomba la chuma ndani linalomkinga abiria anapogongwa ubavuni, na wanaoutengeneza mtupu kwa ajili ya wepesi wanaliondoa bila kujua kazi yake.

Kijana alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa ameibandua stika yote, na chini yake palikuwa na bonde moja na kutu ukubwa wa sarafu. Bado anataka boneti. Fundi alilipitishia lile bonde kiganja mara mbili, akampa kipande cha msasa wa 400 na ndoo ya maji.